Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Kuukuu, Flashi ya Steshenari na Mume Asiyelala

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka juzi nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba, iliyotengenezwa mwaka 2014, yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Siku hizi nikiiwasha naweza kuchemsha chai na kuimaliza kabla haijakubali kufungua faili, na kila mara hunikumbusha kwamba Windows 10 haihudumiwi tena na kwamba yenyewe haina sifa za kupokea Windows 11. Fundi wa mtaani kwetu amenishauri niitupe. Je, ndiyo imefika mwisho? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, fundi wako amechanganya maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Ugoigoi wa mashine, kwa jinsi ulivyoueleza, unatoka zaidi kwenye diski. Ndani ya diski ya aina hiyo mna sahani ambayo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokwenda na kurudi juu yake ukitafuta data. Kompyuta inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, basi mkono huo hukimbia huku na huko kama mhudumu aliyebaki peke yake katika mgahawa saa ya chakula cha mchana. SSD, diski ya aina mpya inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala mkono, na ndiyo sababu kuibadilisha diski peke yake huifanya mashine ya zamani ionekane kama imezaliwa upya, hata kabla hujafikiria kuiongezea RAM hadi GB 8.

Yangu, ambayo ni ya umri mmoja na yako, niliifungua mwenyewe juu ya meza ya chakula. Skrubu nilizipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye mashine, kwa kuwa hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi upande wa pili. Nyuma ya feni nilikuta vumbi limeshikana likawa kama kipande cha blanketi, limeziba matundu yote ya kutolea joto, nami nikaling'oa taratibu kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu, jambo ambalo sikushauri ulifanye bila kuomba ruhusa. SSD niliyoweka ni ya GB 240. Tangu siku hiyo chai yangu naichemsha kwa sababu ya kiu tu.

Suala la Windows ni jingine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haitazimika kwa ajili hiyo, lakini matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya tarehe hiyo hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, na ya mwaka 2014 haimo katika orodha yake. Kwa matumizi yako ningependekeza Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na umejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa jina ambalo kwetu sisi ni utu tu. Faili lake lina takriban GB 3. Ukiliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu maalumu ya kazi hiyo, unaweza kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi na kuutumia mfumo kwa siku kadhaa bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski, ukajionea kama Wi-Fi, sauti na printa vinakubali, ndipo uamue. Kabla ya kuusimika, nakili kazi zako zote mahali pengine, kwani kusimika huku kunaweza kufuta diski nzima kwa kubofya mara moja.

Utakachokikosa ni Word. LibreOffice, programu inayoshika nafasi yake kwenye Linux, hufungua mitihani yako vizuri, ila mpangilio unaweza kuteleza, swali la tano likajikuta ukurasa wa pili na mchoro wake ukabaki wa kwanza. Mara nyingi chanzo ni fonti. Ukiweka Carlito badala ya Calibri, herufi huchukua nafasi ileile. Mtihani ukishakamilika uhifadhi kama PDF kabla ya kuupeleka kuchapwa.

SWALI: Nilipeleka flashi steshenari kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Niliporudi bwenini nikakuta makabrasha yote yamegeuka njia za mkato (shortcut) za KB 1, na nikiyabofya hayaonyeshi kitu. Ripoti nzima imo humo. Je, nimeipoteza? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Hujaipoteza, kijana wangu, lakini acha kubofya. Kirusi cha aina hii huyaficha makabrasha yako kwa kuyapa alama za mafaili ya mfumo, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Kila unapobofya mojawapo unakiamsha chenyewe, na kwa kuwa umeshabofya ukiwa bwenini, inabidi uichukulie kompyuta yako kuwa nayo imeambukizwa. Anza kuisafisha hiyo kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, la sivyo kila utakachokifichua kitafichwa tena. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kama flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Makabrasha yatajitokeza. Nakili hati zako tu, usichukue njia za mkato wala programu yoyote usiyoijua, halafu ufomati flashi. Aliye na rafiki mwenye Linux ana njia fupi zaidi, kwa sababu mfumo huo haujali alama hizo na utamwonyesha kila kitu kama kilivyo. Mimi nina flashi moja ndogo ya kwenda nayo steshenari, na humo haiingii hati nyingine ila ile ya kuchapwa siku hiyo.

SWALI: Mume wangu anasoma safu yako, na lawama nakuletea wewe. Akitoka kazini hukaa kwenye kompyuta hadi saa nane usiku. Hachezi michezo wala haangalii filamu. Anabadilisha mifumo, anairudisha, anabadilisha rangi za madirisha. Hivi hiyo nayo ni burudani? (Mama wawili, Tanga)

JIBU: Shemeji, ni burudani, kama ilivyo kwa mtu anayeshinda Jumapili nzima chini ya gari ambalo halikuwa na tatizo. Anachokifurahia mumeo ni kuona kitu kilichokataa kikikubali, na bahati mbaya kitu kikikataa saa nne usiku huwa kinaonekana kitakubali baada ya dakika kumi tu. Kwa wengi wetu kuna na jambo la bando la usiku, ambalo ni nafuu, hivyo faili kubwa husubiri watu walale ndipo lianze kupakuliwa, na mwenye faili hukaa kulilinda bila sababu yoyote, maana linajipakua lenyewe.

Mimi nilijiwekea amri ya kuizima kompyuta kila usiku saa nne na nusu. Katika crontab, orodha ambamo Linux huwekewa kazi za kufanya kwa saa maalumu, niliandika 4 na 30 kama ninavyosema kila siku, nikasahau kwamba mashine haihesabu saa za Kiswahili. Usiku huo nilikesha bila kusumbuliwa na mtu, kisha kompyuta ikajizima saa kumi na nusu alfajiri, nikiwa nimeshalala na faili limebakiza sehemu ndogo kukamilika. Nikasahihisha, nikaandika 22 na 30. Kwa wiki mbili kila tangazo la kuzima lilipotokea niliandika amri ya kulifuta, neno moja na herufi moja, nikaendelea.

Ndipo mke wangu alipopendekeza aweke nywila ya msimamizi yeye mwenyewe, nisiweze tena kulifuta tangazo hilo. Mwombe mumeo akubali hivyo, halafu usiiandike popote. Akikuambia kwamba mtu anayeijua Linux anaweza kuivuka nywila hiyo kwa kuiwasha mashine upya, anasema kweli, nami njia hiyo naijua. Lakini aliyeivuka kwa kawaida huwa amebadilisha nywila, na asubuhi mwenye nywila akijaribu kuingia na kukataliwa, mashine yetu ikiwa juu ya meza ileile ya chakula, maelezo huanza kabla ya chai.