Nishike nadharia ipi ya uongozi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Je, kiongozi huzaliwa au hufundishwa?

JIBU: Hongera, ndugu msomaji. Wazo la kwamba kiongozi huzaliwa na kipaji chake lilienezwa na mwandishi wa Uskoti, Thomas Carlyle, mnamo miaka ya 1840, nami naona limewakatisha tamaa watu wengi wenye uwezo. Utafiti wa mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1939, uligeukia mwenendo wa kiongozi: wavulana wa miaka kumi hivi walipewa kazi za mikono, kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, chini ya viongozi wa mitindo tofauti. Kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ilizorota; wale walioshirikishwa katika maamuzi waliendelea kama kawaida. Baadaye mwanasaikolojia Fred Fiedler alisisitiza kwamba mtindo ufaao hutegemea mazingira, naye mwanahistoria James MacGregor Burns, mwaka 1978, akatofautisha uongozi wa kupeana maslahi na ule unaowainua wafuasi.

Kwa kikundi chako, ambamo kila mwanachama ameweka fedha zake, ningeanza na ushirikishwaji: daftari la mikopo lisomwe mbele ya wote kabla ya uamuzi wowote.