Jibu: Kwa nini Hardwick Hall ina madirisha mengi hivyo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Hardwick Hall, lile jumba la Derbyshire, Uingereza, lina vioo vingi kiasi kile. Ni kuonyesha utajiri. Bess wa Hardwick, yaani Elizabeth, mwanamke tajiri mwenye cheo cha Countess wa Shrewsbury, alilijenga miaka ya 1590, kioo kikiwa bado ghali mno. Ramani ya jumba inahusishwa na mbunifu majengo Robert Smythson. Litazame kuanzia chini: madirisha yanazidi kurefuka kadiri unavyopanda, maana vyumba vya heshima viko ghorofa ya juu. Kuta za nje zinaweza kujaa vioo hivyo kwa sababu uzito unabebwa na kuta nene za ndani, na dohani nyingi zimefichwa humohumo. Kinachonigusa mimi ni zile herufi ES za mawe juu ya minara, yaani Elizabeth Shrewsbury, zimesimama wazi angani. Mwanamke wa zama zile, jina lake liko juu ya paa!