Ukiripoti tundu la usalama na shule ikakaa kimya

Tundu linalojirudia sana kwenye mifumo ya shule ni hili: unafungua matokeo yako, unaona namba yako ya usajili kwenye anwani ya ukurasa, unabadili tarakimu moja, yanakuja matokeo ya mtu mwingine. Simama hapo hapo. Ushahidi umeshaupata. Ukiendelea kufungua ya kumi na ya hamsini “ili waamini”, unajitengenezea kesi. Funika majina kwenye picha ya skrini, usihifadhi kingine chochote.

Kisha andika. Ripoti nyingi hazijibiwi kwa sababu ya sentensi ya kwanza tu. Mkuu wa shule hajui udhaifu wa udhibiti wa ufikiaji ni mdudu gani, lakini akisoma “mwenye akaunti yoyote anaweza kuona matokeo na namba za simu za wazazi wa wanafunzi wote”, ataita mtu. Anza na hiyo. Hatua za kiufundi ziweke chini, kwa ajili ya fundi. Usiombe zawadi, wala usitaje siku utakayotangaza. Kwa asiyekujua, hayo yanasomeka kama vitisho. Na kama wewe ni mwanafunzi wa hapo, mtafute kwanza mwalimu anayekuamini akusindikize ofisini.

Wamenyamaza? Angalia chini ya ukurasa wa kuingilia. Shule nyingi hazijengi mifumo yao, hununua, na jina la kampuni mara nyingi liko hapo. Kampuni ndiyo yenye uwezo wa kuziba, tena huenda tundu hilo liko wazi kwenye shule zote inazozihudumia. Tafuta faili la security.txt kwenye tovuti yake. Utaratibu wa faili hilo uliwekwa rasmi mwaka 2022 kupitia RFC 9116, waraka wa taratibu za intaneti, na ndani ya faili huandikwa mahali pa kupeleka ripoti. Kampuni nayo ikikaa kimya, peleka kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Kituo hicho kikiwapigia simu, ni vigumu wakipuuze.

Utasikia habari za siku 45 za CERT/CC, kituo cha Marekani cha kuratibu ripoti za matundu, au siku 90 za Project Zero, timu ya Google ya kutafuta matundu, ambazo hupewa mwenye programu kabla ya kutangaza hadharani. Mimi sizitumii kwa shule. Programu ya kawaida ina watumiaji wanaoweza kujikinga kwa kuweka toleo jipya. Mtoto ambaye taarifa zake ziko wazi hana la kufanya.

Kinachowaponza wengi ni kurudi kupima kama wamerekebisha. Mwanafunzi mmoja wa Dawson College, Montreal, Kanada, aliripoti udhaifu mwaka 2012 na akapongezwa. Baadaye akaendesha programu ya kutafuta matundu dhidi ya mfumo ule ule, aone kama limezibwa. Akafukuzwa chuo. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: “Je, limezibwa?” Tunza tarehe na nakala za kila ulichotuma, na wakithibitisha kwamba limezibwa, futa ile picha ya skrini.