Kompyuta ya mezani kutoka Unguja hadi Wete

Ndugu yangu, umeuliza kama kompyuta yako ya mezani itafika Wete salama kwa boti. Itafika, ila kwanza nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, na diski hiyo uibebe mkobani mwako, isichanganywe na mzigo.

Kisha fungua kasha la kompyuta. Kama lina kadi kubwa ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, ing'oe. Toa skrubu, bonyeza kile kilimi kidogo cha plastiki mwisho wa tundu lake, halafu ivute taratibu. Usipokibonyeza utapasua tundu. Kadi ile ni nzito, na mawimbi pamoja na safari ya gari kutoka bandari ya Mkoani huitikisa mpaka inalemea madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Yangu niliiacha ndani, ikafika Pemba imepinda, roho inaniuma hadi leo. Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli.

Kasha lilaze ubavu, madabodi ikae chini, ndani ya boksi lenye sponji au mablanketi. Skrini isimame wima. Botini kaa nalo ndani, usikubali liachwe sitahani lirushiwe maji ya chumvi. Ukifika, rudisha kadi, tazama feni ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta, haijalegea, ndipo uwashe.