Kabla ya Kuiamini Bastola Mpya

Bastola yangu ya kwanza niliichukua dukani Nairobi baada ya miezi mingi ya kufuatilia leseni, na siku hiyo hiyo nikaifunga kiunoni, kwa imani kwamba kitu kipya hakiwezi kuwa na kasoro. Wiki mbili baadaye, uwanjani kwa shabaha, nilifyatua risasi ya 37, nikavuta tena, na kifyatulio kikalegea chini ya kidole. Ganda la shaba lilikuwa limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda, limebanwa na slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila unapofyatua, likifuka moshi mwembamba. Chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ilikuwa tupu. Niliwaza langoni kwangu usiku, watoto wakiwa nyuma yangu, nikahisi baridi mwilini.

Tangu hapo sibebi bastola ambayo sijaijaribu, nami nakusihi ufanye hivyo hivyo. Anza kwa kuisafisha na kuipaka mafuta kama kitabu chake kinavyoagiza, kwa maana grisi ya kiwandani mara nyingi huwekwa kuzuia kutu ghalani. Kisha zipige magazini zako, yaani visanduku vinavyobeba risasi, namba kwa rangi. Ni kazi ya dakika moja, lakini ndiyo iliyoniokoa: bastola yangu ilikwama mara tatu, na daftari likaonyesha kwamba zote tatu zilitoka kwenye magazini namba 2. Nilipoibadilisha, tatizo likaisha. Bila zile namba ningeilaumu bastola nzima na kumlipa fundi kwa kazi isiyohitajika.

Mimi hutaka risasi 200 za kawaida zipite bila hitilafu, kisha 50 za aina ile ile nitakayobeba. Usiziruke hizo 50, kwani risasi yenye shimo kwenye ncha inaweza kugonga mdomo wa chemba mahali ambapo ile ya ncha ya mviringo huteleza tu. Najua risasi ni ghali, na kwamba cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja idadi unayoruhusiwa kuwa nayo. Basi gawanya zoezi kwa siku kadhaa, ila usipunguze hesabu. Wanatakwimu wana kanuni fupi: ukijaribu jambo bila kosa hata moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata kiwango cha juu cha makosa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Risasi 50 safi zinaacha nafasi ya hitilafu 6 katika kila 100. Risasi 200 zinaishusha hadi moja na nusu.

Ikikwama, mpe mkufunzi aifyatue kwa magazini ile ile. Kifundo cha mkono kikilegea, slaidi hukosa mahali pa kuegemea na hairudi nyuma kikamilifu, kwa hiyo huenda kasoro ni ya mshiko wako. Ifyatue pia kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto.

Usalama wako uko juu ya jaribio lolote. Ukisikia nyundo ikigonga bila mlipuko, iache imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa risasi, maana fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha kabisa, toa risasi zote na ukague mtutu, kwa sababu huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani, na risasi inayofuata inaweza kuupasua mbele ya uso wako.

Kila hitilafu, na kila kipuri kinachobadilishwa, hurudisha hesabu kwenye sifuri. Mwezi uliopita nilibadilisha springi ya slaidi. Leo daftari linasoma 140, na bastola inalala ndani ya sefu mpaka zile 60 zilizosalia, na 50 za kubeba, zipite.