Vibali vya ujenzi vimepungua: ninunue nyumba Houston sasa au nisubiri?

Ndugu yangu, nimekuelewa: umeona vibali vya nyumba za familia moja nchini Marekani vimeshuka mwezi uliopita, nawe unahofia kununua. Usiamue kwa mwezi mmoja, kwani takwimu hizo za Ofisi ya Sensa hurekebishwa baadaye. Tazama miezi sita, tena ya eneo lako. Mwelekeo mrefu ndio wenye uzito: nchi nzima, mwaka 2005 vilitolewa vibali takriban milioni 1.68, na mwaka 2009 kama 440,000 tu. Isitoshe, kibali si nyumba. Jirani na kwangu kuna kiwanja ambacho karatasi ya kibali imebandikwa kwenye nguzo mpaka wino umefifia, na nyasi zimefika magotini. Kabla ya kutia saini mkopo, muone mshauri wa makazi aliyeidhinishwa na serikali.