Tuisheni ya Hesabu na Fizikia: Mmeuliza, Tunajibu

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi, kwa wanafunzi wenyewe na kwa walimu wanaofundisha nyumba kwa nyumba. Tumezifupisha ili majibu yapate nafasi.

Mwanangu yuko sekondari na fizikia inamshinda. Tumemtafutia mwalimu wa tuisheni, anamrudishia mada zilezile za darasani. Muhula mzima umepita na alama ziko palepale. Tatizo ni mtoto au ni mwalimu? – Mzazi

Mzazi, kabla ya kumlaumu yeyote, chukueni karatasi za majaribio zilizosahihishwa mtazame kosa linaanzia mstari gani. Mada inayolalamikiwa mara nyingi siyo inayomwangusha mtoto.

Tuseme swali ni la umeme: rezista mbili, moja ya omu 6 na nyingine ya omu 3, zimeunganishwa sambamba, tafuta ukinzani wa jumla. Mwanafunzi wa kwanza anaandika kanuni bila kasoro, 1/R = 1/6 + 1/3. Mstari wa pili anaandika 1/R = 2/9, na wa tatu R = 4.5. Huyu umeme anaujua. Kilichomwangusha ni kujumlisha sehemu: amejumlisha namba za juu kwa juu na za chini kwa chini, kosa ambalo limemfuata tangu shule ya msingi. Ukimweleza rezista mara kumi, mara ya kumi na moja atarudi kwenye 2/9. Mwanafunzi wa pili anafika vizuri kwenye 1/6 + 2/6 = 3/6, yaani 1/2, halafu anaandika R = 1/2. Huyu sehemu anazijua. Amesahau tu kwamba alichokipata ni 1/R, na R yenyewe ni omu 2. Wote wawili wamekosa swali lilelile, wote wamepata sifuri, lakini dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Mwambieni mwalimu amtungie mtoto jaribio la nusu saa, bila kikokotoo, lisilofuata mada za darasani. Liwe na mambo kama haya: kugawanya 3/4 kwa 2/5 (jibu ni 15/8); −3 − (−7), ambayo ni 4; kutafuta x katika 5 − 2(x − 3) = 1, ambayo ni 5, na anayepata −1 hajabadilisha alama alipofungua mabano; kuifanya t ibaki peke yake katika v = u + at, ambapo wengi huandika v/a − u badala ya (v − u)/a; kubadili 72 km/h kuwa 20 m/s; kuandika 0.0045 kama 4.5 × 10⁻³. Kutafuta mteremko wa mstari unaopita (0, 2) na (4, 10), ambao ni 2. Usikose pia kugeuza sentimeta za mraba 250 kuwa mita za mraba. Jibu ni 0.025. Atakayeandika 2.5 amegawanya kwa 100 mara moja tu, na kosa hilo litamharibia kila swali la kanieneo.

Kila aina iwe na maswali mawili. Akikosa moja akapata jingine, huenda ni haraka. Akikosa yote mawili kwa namna ileile, hapo pana pengo, na pengo halizibwi kwa kurudia mada ya juu yake.

Baada ya hapo, dakika 15 hadi 20 za mwanzo za kila kipindi ziende kwenye pengo moja, na muda uliobaki kwenye mada ya shuleni. Msiiache mada ya shuleni kabisa mkasema mnaanza upya kutoka chini, maana darasa halimsubiri, na mtoto asiyeelewa kinachoendelea darasani hukata tamaa upesi. Kuhusu mwalimu: kama muhula umekwisha na bado hawezi kukutajia kwa usahihi mambo mawili au matatu yanayomkwamisha mtoto, ana haja ya kubadili njia.

Nafundisha wanafunzi majumbani. Nikieleza wanaitikia, swali linalofuata wanalipata, kisha mtihani ukija wanaanguka. Nakosea wapi? – Mwalimu wa tuisheni

Ndugu mwalimu, tazama kwanza kalamu inakaa mkononi mwa nani. Kama saa nzima umeandika wewe, mwanafunzi amejifunza kukufuata, na kukufuata ni kazi nyepesi kuliko kuanza mwenyewe mbele ya karatasi tupu. Hilo swali linalofuata analipata kwa sababu la kwanza bado liko mbele ya macho yake na kilichobadilika ni namba.

Punguza msaada kidogo kidogo. Swali la kwanza lifanye wewe lote, ukisema kwa sauti kwa nini unachukua kila hatua. La pili mpe likiwa limefanywa nusu, mistari miwili ya mwisho aimalize yeye. La tatu mpe mchoro peke yake. La nne asipewe kitu. Kisha kipindi kijacho, kabla hamjafungua daftari, mpe swali moja la namna ileile. Hilo ndilo litakalokuambia kama somo limekaa. Na mada zikishafika tatu, zichanganye katika zoezi moja. Zoezi lenye kichwa “Msuguano” limeshamwambia mwanafunzi atumie nini, na mtihani hauna kichwa hicho.

Akikosea, usikimbilie kumpa jibu. Boksi la kilo 5 linavutwa kwa kani ya nyutoni 30, msuguano ni nyutoni 10, tafuta mchapuko, yaani mwendokasi unabadilika kiasi gani kila sekunde. Mwanafunzi anaandika 30 ÷ 5 = 6. Ukimwambia “umesahau msuguano”, atairekebisha hiyo moja na kesho atasahau tena. Mwambie achore boksi na aweke mshale kwa kila kani inayolihusu: ya kuvuta, msuguano, uzito kushuka chini, na sakafu kulisukuma juu. Halafu nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kinamchosha mwalimu kuliko mwanafunzi, kwa hiyo walimu wengi hukivunja mapema na kuharibu kazi. Mishale ikishakuwa karatasini, mwenyewe ataona 30 − 10 = 20, na 20 ÷ 5 = 4 m/s².

Akimaliza, muulize lingine juu ya boksi hilohilo: likivutwa kwa mwendokasi usiobadilika, na msuguano ni uleule, kani ya kuvuta ni kiasi gani? Wengi watasema lazima izidi 10, ama sivyo boksi lisingekwenda. Jibu ni 10 kamili, kwa kuwa mwendokasi usipobadilika mchapuko ni sifuri na kani zinazopingana zinalingana. Swali hili moja litakuonyesha anachokiamini kuhusu mwendo kuliko hesabu kumi za kuingiza namba kwenye kanuni.

Wape pia daftari la makosa. Kila kosa liandikwe hivi: swali, mstari ulioharibika, sababu, na ishara itakayomzindua siku nyingine. Neno “uzembe” lisikubaliwe kuwa sababu. Aandike “nilihamisha −3 upande wa pili bila kubadili alama”. Baada ya wiki chache daftari hilo litaonyesha kwamba makosa yake si mengi kama anavyodhani. Ni machache yanayojirudia.

Mwalimu, shikamoo. Kanuni zote nimezikariri, lakini nikiona swali sijui nitumie ipi. Nifanyeje? – Mwanafunzi

Marahaba. Usianze na kanuni, anza na orodha. Gari linalokwenda 20 m/s linafunga breki na kusimama baada ya mita 50. Tafuta mchapuko wake. Andika pembeni: mwendokasi wa mwanzo u = 20 m/s, umbali s = 50 m, mchapuko a = ?, na mwendokasi wa mwisho v = 0. Ile sifuri haikuandikwa kwenye swali. Imejificha ndani ya neno “kusimama”. Sasa tazama kisichokuwepo: muda haukutajwa wala hukuulizwa. Basi unahitaji kanuni isiyo na t, nayo ni v² = u² + 2as. Unapata 0 = 400 + 100a, hivyo a = −4 m/s². Alama ya kutoa inamaanisha gari linapunguza mwendo. Usiifute kwa kudhani umekosea.

Kisha hakikisha kwa njia nyingine. Likipunguza 4 m/s kila sekunde, kutoka 20 litachukua sekunde 5. Wastani wa mwendokasi ni 10 m/s, na 10 mara 5 ni mita 50. Imekubali.

Zoea maneno yanayoficha namba. “Kinaanza kutoka katika utulivu” ni u = 0. “Mwendokasi usiobadilika” ni a = 0. “Jiwe lililorushwa wima limefika kileleni” ni v = 0, na hapa pana mtego: mchapuko wake kileleni si sifuri, bado ni 9.8 m/s² kuelekea chini, la sivyo jiwe lingebaki huko juu. Ukumbuke pia kwamba kanuni hizi zinafaa tu pale mchapuko usipobadilika. Ukiona grafu ya mwendokasi kwa muda imepinda, ziweke kando. Umbali utaupata kwa kutafuta eneo lililo chini ya mstari.

Mwisho, kikokotoo. Bonyeza sin 30. Kikikupa 0.5 endelea, kikikupa −0.988 kiko kwenye radiani, kirudishe kwenye digrii. Na ukitaka kipeo cha pili cha −3, weka mabano, (−3)², la sivyo vikokotoo vingi vitakupa −9.

Kwa wiki mara ngapi, na saa ngapi? – Mzazi wa watoto wawili

Kipindi kimoja au viwili kwa wiki, dakika 60 hadi 90 kila kimoja, vinatosha wanafunzi wengi. Saa tatu mfululizo ni uchovu kwa pande zote mbili. Muhimu zaidi ni dakika 20 au 30 za mazoezi akiwa peke yake katika siku zisizo na mwalimu. Bila hizo, hata vipindi vinne havitamsaidia. Kundi la watoto watatu au wanne linafaa mradi mapengo yao yafanane. Wako wawili wakiwa madarasa tofauti, watenganishe.

Nitamjuaje mwalimu mzuri kabla sijaanza kulipa? – Mlezi

Omba kipindi kimoja cha majaribio, kaa karibu, sikiliza. Mpe mtoto karatasi ambayo tayari amekosea, mathalani aliyoandika kwamba kipeuo cha pili cha 9 + 16 ni 3 + 4, yaani 7. Mwalimu wa kukariri atasema “hapana, ni 5” na kusonga mbele. Mwalimu unayemtafuta atauliza “umefikaje kwenye 7?”, kisha atamwacha mtoto ajumlishe kwanza apate 25, atafute kipeuo chake, alinganishe majibu mawili na aone mwenyewe kwamba kipeuo hakigawanyiki juu ya alama ya kujumlisha.

Kuwa bingwa wa hesabu hakutoshi; wapo wanaozijua mno hata hawakumbuki ugumu wake ulikuwa wapi. Vilevile mwogope anayeahidi alama fulani kwa muda fulani kabla hajaona daftari. Mkikubaliana, semeni mapema malipo ni ya kipindi au ya mwezi, kipindi kikivunjika nani anafidia, na kila baada ya wiki nne atakuonyesha nini. Jaribio lilelile la mwanzo, likiwa na namba nyingine, ni kipimo kizuri.

Mzazi anataka nimfanyie mtoto kazi za nyumbani ili alama zipande. Nikikataa nitapoteza kazi. – Mwalimu kijana

Kataa kwa upole, na umpe kitu badala yake. Mweleze kuwa mwalimu wa shule akipokea daftari safi hatajua mtoto amekwama wapi, na mtihani atakaa peke yake. Kisha pendekeza hivi: mtoto ajaribu kazi yote kabla hujafika na aweke duara pale alipokwama. Wewe fundisha swali linalofanana na lile, lenye namba nyingine, halafu yeye arudi kumalizia lake.

Tunasoma kwa intaneti na mwalimu anasema haoni mtoto anafanya nini. – Mzazi

Kamera ya usoni haimsaidii mwalimu wa hesabu. Anahitaji kuuona mkono unapoandika, kwa kuwa jibu lililokamilika halionyeshi pale mtoto alipositasita au kufuta. Tegemeza simu juu ya rundo la vitabu mezani, kamera ikitazama chini, karibu sentimeta 30 hadi 40 kutoka kwenye daftari. Taa iwe upande usio wa mkono wa kuandikia ili kivuli kisifunike mistari. Atumie kalamu nyeusi, maana penseli hafifu haionekani, na aandike kubwa kuliko kawaida. Akikosea apige mstari mmoja juu ya kosa, asifute. Mtandao ukilegea, zimeni picha za nyuso, sauti na daftari vibaki.